Kanyaga, Shikilia, Achia

Mwalimu alistaafu, lakini mguu wake wa kulia haukustaafu. Miaka yote ya kazi alikaa upande wa abiria katika gari la shule ya udereva, gari lenye pedali mbili za breki: moja ya mwanafunzi, na moja ya yule anayetaka kurudi nyumbani akiwa hai. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake, au tuseme miguuni mwake. Alimfundisha dereva wa lori la mikate, akamfundisha mkunga, akamfundisha hata yule bwana wa gari la maiti, ambaye aliambiwa aende polepole na mpaka leo hakuna abiria wake aliyelalamika.

Sasa mguu uliozoea kuokoa watu hauwezi kuambiwa kazi imekwisha. Kwenye basi, kila dereva alipochelewa kupunguza mwendo, Mwalimu alikanyaga sakafu, na abiria wa kiti cha mbele wakageuka kumtafuta aliyewapiga teke. Kwa daktari wa meno alikanyaga. Kwenye kochi la nyumbani, magari yakifukuzana kwenye runinga, alikanyaga mpaka chai ikaruka. Hata usingizini alikanyaga, na aliyelala mbele ya breki hiyo alikuwa mumewe, mwenye alama kwenye muundi ambazo hakuweza kumweleza mtu bila kuchekwa.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Bwana Sindano. Wengine walisema ni kwa sababu ya kazi yake, na waliomjua zaidi walisema ni kwa sababu ya ulimi wake. Alikuwa na chumba chake cha kushonea mbele ya nyumba, na kando ya chumba hicho, chini ya paa la bati, alikuwa na gari.

Gari lile lilikuwa la marehemu baba yake. Lilikuwa la zamani hasa, la mgongo wa mviringo na taa mbili zilizotoka nje kama macho ya mtu aliyesikia umbeya. Bwana Sindano alilipangusa kila asubuhi kabla ya kunawa uso wake mwenyewe. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kusimama. Breki zake zilikuwa za mtindo wa kale, pampu yenye chumba kimoja na bomba moja la kulisha magurudumu yote. Ukikanyaga mara ya kwanza hupati kitu. Mara ya pili unapata ahadi. Mara ya tatu, kama gari limeamka vizuri, unapata breki. Bwana Sindano aliita jambo hilo kubembeleza.

"Breki hizi zinaujua mguu wangu," alipenda kusema. "Mguu mwingine zinaukataa."

Na kwa hoja hiyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kushika usukani ule, hata mkewe. Mganga hajigangi, watu walisema, wakicheka, na Mwalimu alicheka pamoja nao. Lakini ilimuuma. Aliweza kumfundisha mtu aliyeogopa hata baiskeli, kisha akarudi nyumbani na kukalishwa upande wa abiria, akishikilia mfuko wa vitambaa vya wateja.

Basi siku moja wakirudi kutoka kununua nyuzi, wakaingia kwenye uchochoro wa nyumbani kwao, uchochoro unaoteremka mpaka kwenye kona palipo na banda la kuku la jirani. Bwana Sindano akabembeleza mara ya kwanza. Akabembeleza ya pili. Mwalimu, aliyekuwa ameliona banda mapema kuliko mtu yeyote, alikuwa tayari amekanyaga breki yake isiyokuwepo, na safari hii alikanyaga kwa imani yote ya kazi yake. Sakafu ya gari upande ule, iliyokuwa imekanyagwa miaka nenda miaka rudi na kuliwa na kutu kimyakimya, ikaachia. Mguu ukatokea chini, kiatu kikabaki barabarani, na gari likasimama ndani ya banda.

Hakufa kuku hata mmoja, ingawa jirani alidai kwamba tangu siku ile jogoo wake huwika adhuhuri. Bwana Sindano hakutazama kuku wala mbavu za mtu. Aliinama upande wa abiria, akaona mwanga wa barabara kupitia sakafuni, akasema, "Umetoboa gari la baba."

Mwalimu, mwenye kiatu kimoja, alimwambia kwamba asingekanyaga yeye kwa nia njema wangekuwa wanataga mayai sasa. Neno likazaa neno. Jioni ile wakanuna, na siku zilizofuata wakaendelea kununa, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Bwana Sindano aliziba tundu kwa kipande cha ubao mwembamba wa kasha, akaufunika kwa zulia. Mazungumzo yote ya nyumbani yakahamia kwa paka. "Paka," Mwalimu angesema, "mwambie bwana wako chakula kiko mezani." Na Bwana Sindano, akiwa hatua tatu kutoka mezani, angemjibu paka kwamba amesikia. Paka alinenepa kwa heshima hiyo.

Mambo yangeweza kubaki hivyo mpaka paka azeeke, lakini binti yao akapiga simu. Alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, mjukuu wao wa kwanza, na sasa mtoto alikuwa amepata nguvu za kusafiri. Wangekuja kwa treni. Bwana Sindano alichukua simu, akasema kwa sauti iliyolegea kwa furaha kwamba asihangaike na teksi, atawafuata stesheni yeye mwenyewe na gari la babu.

Binti alikuwa amelelewa ndani ya gari hilo na alilijua vizuri. Akasema taratibu, "Baba, nakupenda, lakini gari la kubembelezwa simpakizi mwanangu. Kama breki hazibadiliki, tutapanda teksi."

Mzee akakaa kwenye kiti cha cherehani, akazungusha gurudumu la mashine bila kitambaa. Mwishowe alimwambia paka kwamba breki zitabadilishwa. Mwalimu akageukia dirisha ili paka asimwone anavyotabasamu. Breki mpya haziujui mguu wa mtu. Breki mpya hushika kwa yeyote anayezikanyaga, na hoja ya mumewe ya miaka yote ilikuwa inaenda kutupwa pamoja na pampu ya zamani. Mwalimu alitaka kitu kimoja tu: amlete mjukuu wake nyumbani akiwa yeye nyuma ya usukani ule.

Lakini Bwana Sindano hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Kesho yake, akinywa chai, alimfahamisha paka kwamba breki zinabadilika, dereva habadiliki.

Fundi wa magari wa mtaa ule aliitwa Fundi Kesho, na huhitaji kuelezwa kwa nini. Ajabu ni kwamba safari hii alikuja siku ileile aliyoitwa, tena asubuhi. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani, na Mwalimu alijua siri yake: katika mtihani wake wa kwanza wa udereva aliendesha mji mzima bila kuachia breki ya mkono, akimlalamikia msimamizi kwamba gari halina nguvu. Mwalimu hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa akimkumbusha tu kwa kumtazama.

Fundi aling'oa pampu ya zamani, iliyokuwa imechoka ndani mpaka raba zake zikabonyea kama ulimi wa kiatu, akaiweka juu ya gazeti ili wote waione. Kisha akatoa mpya. Hii ilikuwa na vyumba viwili, alieleza. Chumba kimoja kinalisha magurudumu ya mbele, kingine ya nyuma, kila kimoja na bomba lake. Likipasuka bomba moja, bado una jingine la kukusimamisha. Ni sawa na kuwa na wake wawili, alisema, kisha akaona jicho la Mwalimu na kusahihisha haraka kwamba ni sawa na kuwa na figo mbili. Akafunga mabomba mapya ya shaba, akabadilisha mipira iliyopasukapasuka karibu na magurudumu, akajaza kopo la juu mafuta ya breki. Ilibaki kazi moja, kutoa upepo. Hewa ikibaki ndani ya mabomba, pedali huwa laini kama mto wa kulalia, na pampu mpya haina maana.

Kazi hiyo hufanywa na watu wawili. Mmoja hulala chini na spana, kwenye kiskrubu kidogo nyuma ya gurudumu. Mwenzake hukaa kwenye kiti cha dereva na kukanyaga.

Mwalimu alikuwa ameifikiria sehemu hiyo tangu alfajiri. Fundi alipokwenda kunawa mikono bombani, alimfuata, akamuuliza kama bado anakumbuka breki ya mkono. Fundi alikumbuka. Akamuuliza kama kutoa upepo hakungeweza kuachiwa watu wawili wa nyumba hii, huku fundi akipata dharura mahali fulani. Fundi alijikuna kichwa, akarudi mbele ya gari, na akamtangazia Bwana Sindano kwamba ameitwa ghafla na mteja mwingine. Upepo wangetoa kesho.

"Kesho ndiyo siku ya treni," alisema Bwana Sindano.

Fundi alisikitika sana. Alimwachia spana, kipande cha mpira unaoonyesha ndani na chupa tupu ya jamu, akamwelekeza jinsi ya kufanya, aanzie gurudumu lililo mbali zaidi na pampu, akaondoka akitembea upesi kama mtu aliyeiba kuku. Bwana Sindano akabaki na spana mkononi. Alitazama kushoto na kulia, akaona paka, akaona mkewe. Kumlaza mwingine chini ya gari la baba yake ashike viskrubu vile, hilo hakuliweza. Basi ilibaki namna moja.

"Paka," alianza, kisha akanyamaza, kwa sababu hata yeye aliona paka hafiki kwenye pedali. "Mwalimu," alisema. "Njoo ukae."

Mwalimu alijifuta mikono kwenye kanga bila haraka. Alifungua mlango wa upande ambao hakuwahi kuufungua, akaketi. Kiti kilikuwa na bonde la baba mkwe wake na la mumewe, na yeye akakaa katikati ya mabonde hayo na kujisogezasogeza mpaka akapata lake. Usukani ulikuwa mwembamba, umelainishwa na mikono ya watu wawili. Kupitia kioo cha mbele aliona mtaa uleule anaoujua, ila sasa ulikuwa mbele yake kabisa.

Sauti ya mumewe ikatoka chini ya gurudumu la nyuma.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

Akashikilia. Chini, spana ikalegeza kiskrubu, mafuta na mapovu yakakimbilia kwenye chupa ya jamu, na pedali ikazama taratibu mpaka sakafuni. Spana ikakaza.

"Achia."

Ndivyo kazi ilivyo: kanyaga, shikilia, achia, na tena, mpaka mapovu yaishe. Kosa kubwa ni moja. Ukiachia kabla aliye chini hajakaza, mabomba yananyonya hewa upya, na unarudi ulikoanzia.

Na Mwalimu, mwenye mguu uliofundisha nusu ya mji, alianza kuachia mapema. Kidogo tu, kiasi cha kupepesa jicho.

"Mapovu bado," alisema mumewe kutoka chini. "Tena."

Wakaendelea. Neno moja likavuta jingine. Baada ya "shikilia" likaja swali kama maua yamemwagiliwa. Baada ya "achia" ikaja habari ya mteja aliyetaka suruali ipunguzwe kiunoni huku yeye mwenyewe akizidi kupanuka. Mwalimu alicheka, na gari lote likatikisika juu ya jeki, na aliye chini akaomba asiuawe kabla ya kumwona mjukuu. Wakabishana mtoto atafanana na nani. Wakahamia gurudumu la pili, la tatu. Jua likazunguka paa la bati, na paka, aliyeona kazi yake ya ukarani imefutwa bila taarifa, akapanda juu ya pipa kulala. Kwenye gurudumu la mwisho mapovu yalikataa kabisa kwisha.

"Mwalimu," ikasema sauti ya chini.

"Nakusikia."

"Mguu uliofundisha mji mzima, haujui kuachia?"

Mwalimu alitazama mikono yake juu ya usukani. "Umejua tangu lini?"

"Tangu gurudumu la kwanza."

"Na hukusema kitu."

Spana iligonga sakafu ya saruji. "Huku chini kuna kivuli," alisema Bwana Sindano.

Safari iliyofuata Mwalimu aliachia kwa wakati wake, na mafuta yakatoka safi, bila povu hata moja. Pedali ikawa ngumu na fupi chini ya mguu. Bwana Sindano alijitoa uvunguni, mgongo ukilia, mikono imejaa mafuta, akashusha jeki na kujaza kopo la juu. Kisha akaja mlangoni, akasimama akingoja kiti chake. Mwalimu hakuinuka.

"Anayetoa upepo ndiye anayejaribu," alisema. "Kasema Fundi."

"Kasema lini? Mimi nilikuwepo."

"Atasema kesho."

Bwana Sindano alimtazama. Alitazama mikono yake mwenyewe inayoteleza, ambayo asingethubutu kuigusisha usukani wa baba yake. Akazunguka gari kama mgeni, akaingia upande wa abiria kwa kusukuma mlango na kiwiko, akaketi wima na ndara zake juu ya zulia. Alisema ni mpaka kwenye kona tu, na kurudi, na kwamba kesho ni yeye anayekwenda stesheni, isije ikasemwa hakusema.

Mwalimu aliwasha. Aliingiza gia, akaachia klachi kwa upole mpaka gari halikujua kwamba limeondoka. Wakateremka uchochoroni. Mtoto wa jirani mmoja aliacha mpira ukampita. Mbele yao lilikuja banda la kuku, lililojengwa upya, na mlangoni kwake jogoo wa adhuhuri, ambaye kumbukumbu zake zilikuwa nzuri.

Sasa msomaji aelewe kwamba lugha ya gereji si lugha ya barabarani. Chini ya gari, kanyaga maana yake ni breki. Barabarani, kwa kila dereva na kila mwanafunzi wa Mwalimu tangu wa kwanza, breki hushikwa. Ukiambiwa kanyaga bila kutajiwa breki, ni pedali ya mafuta, yaani ongeza mwendo. Bwana Sindano alikuwa ameshinda gereji mchana kutwa.

"Kanyaga," alisema, banda lilipokaribia.

Mwalimu akakanyaga. Gari la marehemu, ambalo halikuwahi kuombwa kitu kama hicho na mwanawe, liliruka mbele kwa furaha ya ujana. Jogoo alipanda juu ya paa bila kupitia ngazi. Bwana Sindano alinyoosha mguu wake wa kulia na kukanyaga breki isiyokuwepo kwa nguvu zote alizojaliwa, na ubao wa kasha, ambao aliuchagua yeye, akaukata yeye na kuupigilia yeye, ukalia kacha! na kumwachia apite.

Ndipo Mwalimu alipohamisha mguu. Mara moja tu. Hapakuwa na kubembeleza. Magurudumu yote manne yalishika kwa pamoja, pua ya gari ikainama kama inayomsalimu jogoo, na likasimama. Kati ya taa za gari na wavu wa banda, mkono wa mtu ungepita kwa shida.

Vumbi likatua. Bwana Sindano alikuwa amekaa na goti karibu na kidevu, mguu mmoja ukiwa ndani ya gari na mwingine ukisimama barabarani, bila ndara. Mwalimu aliinama, akalitazama tundu kwa makini ya fundi.

"Umetoboa gari la baba," alisema.

"Nilisema kanyaga."

"Nikakanyaga."

"Breki, Mwalimu."

"Breki inashikwa, mume wangu. Umekaa na mimi miaka yote hii, hata hilo hujajifunza?"

Bwana Sindano alimtazama kuona kama kweli hakuelewa, au alielewa tangu mwanzo. Uso wa Mwalimu ulikuwa mtulivu kama wa siku ya mtihani. Mabega ya Bwana Sindano yakaanza kutikisika, na mwanzoni Mwalimu alidhani analia, na labda kidogo alikuwa analia. Lakini kilichomtoka kilikuwa kicheko, kicheko cha mtu aliyechimba kisima na kuingia mwenyewe, na hakikukoma mpaka jirani akatoka kuuliza kama kuku wake wako salama. Mwalimu alishuka, akaenda nyuma kuifuata ndara.

Kesho yake Mwalimu alitoka amevaa gauni lake jipya na mkoba begani. Alikuwa amejiandaa kubishana. Hoja zake zilikuwa tayari, moja juu ya nyingine. Hakuzihitaji. Ufunguo ulikuwa umeshachomekwa mahali pake, na mlango wa upande wa dereva umeachwa wazi.

Bwana Sindano alikuwa ndani tayari, upande wa abiria, amevaa koti aliloshona mwenyewe. Chini ya miguu yake palikuwa na ubao mpya, mnene, umepigwa randa na kufungwa kwa skrubu. Na juu ya ubao huo, kwa chaki ya kupimia nguo, alikuwa amechora kwa uangalifu wote wa kazi yake unyayo wa kulia. Haukuwa wa Mwalimu. Ulikuwa mrefu na mwembamba, wa mguu wake yeye.

"Stesheni," alisema. "Na uende polepole, wakati wa kurudi tuna mtoto."

Akaweka mguu juu ya chaki, akakanyaga. Gari lilikuwa bado halijawashwa.